Barua ya wazi kwa wakuu wa Mombasa: watoto wanafunzwa nyumbani, basi huduma ije nyumbani

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa, mawaziri wake wa afya na elimu, na waheshimiwa wawakilishi wa wadi zetu 30. Nakala kwa Wizara ya Elimu, Wizara ya Afya na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, Nairobi.

Waheshimiwa, asalaam aleikum.

Kila ifikapo Aprili 2 huwa tunakumbukwa, sisi wazazi wa watoto wenye usonji (autism kwa Kiingereza), ile hali inayomfanya mtoto apate shida kuwasiliana na kuchangamana kama wenziwe. Ndiyo Siku ya Uelewa wa Usonji Duniani, inayoadhimishwa tangu mwaka 2008. Tunavalishwa fulana za buluu, tunaketishwa chini ya hema, hotuba zinasomwa, watoto wanapewa soda na kupigwa picha wakiwa wameziba masikio, maana spika zimewekwa karibu nao. (Hakuna anayeuliza kwa nini wameziba masikio.) Jioni kila mtu anarudi kwake, Kisauni, Likoni, Chaani, Mishomoroni, na habari yetu inaishia hapo hadi Aprili nyingine. Sina ugomvi na fulana. Nawaandikia kuhusu huko tunakorudi jioni.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkaazi wa Kisauni. Mkubwa, wa kiume, ana usonji. Mdogo wake wa kike ameandikiwa na daktari kuwa ana ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kushika jambo moja hadi mwisho, na sasa mwalimu wake anashuku kuwa herufi nazo zinamchanganya kuliko wenziwe. Baba yao anaendesha tuktuk. Mimi nilikuwa muuzaji katika duka la watu mjini. Siku hizi napika mahamri na mbaazi nauzia barazani alfajiri, kwa kuwa hiyo ndiyo biashara inayokwisha kabla kijana hajaamka.

Ninalotaka kuwaambia ni moja. Watoto hawa wanafunzwa nyumbani, na nyumbani ndiko serikali haifiki. Mtaalamu wa matamshi, ukibahatika kumpata na mfuko wako ukiwa mzuri, atakaa na mtoto kwa wiki muda usiofika saa nzima. Saa zote zilizobaki mwalimu ni mimi, muuguzi ni mimi, askari wa zamu ya usiku ni mimi. Mipango yenu huanzia kwenye jengo: kituo kitajengwa, yuniti (darasa maalum ndani ya shule ya kawaida) itafunguliwa, utepe utakatwa. Jengeni, tutakuja kupiga vigelegele. Lakini mtoto wa miaka mitatu hangoji mkandarasi alipwe.

Niruhusuni niwaingize ndani kidogo, kwa sababu nadhani wengi wenu hamjapata kuiona kazi yenyewe.

Tunaishi nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, korido moja, uani mmoja, choo kimoja, na sisi tumepanga viwili. Kijana wangu sauti zinamuumiza. Blenda ya jirani, mlango wa bati ukibamizwa, honi ya bodaboda pale nje, vyote hivyo vinamwingia mwilini. Dada yake naye hawezi kufikiri bila kuimba au kugonga kitu. Kinachomtuliza mmoja ndicho kinachomwasha mwenzake, na korido ni ile ile moja. Wali wa kijana lazima uwe mweupe na mchuzi ukae sahani nyingine. Vikigusana, hicho si chakula tena. Shati la shule nakata lebo ya shingoni, nafua, nafua tena mpaka lilegee, ndipo alivae.

Ndani ya mlango wa kabati nimebandika ubao wa boksi la mafuta ya kupikia. Juu yake nimebana kwa vibanio vya nguo picha nilizochora mwenyewe: mswaki, kikombe, viatu, tuktuk, shule, ndoo ya kuogea. Jambo likimalizika, kijana anaibandua picha yake na kuitia ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, akisikiliza inavyodondoka. Siku tuktuk ya baba yake iko gereji, ile picha ya tuktuk hutolewa usiku uliotangulia ikawekwa ya matatu, na asubuhi anaonyeshwa tena kabla ya kuvaa viatu. Bila hivyo hatutoki. Picha ya gilasi ndiyo iliyomfundisha kuomba maji. Kabla ya hapo alikuwa akijipiga kichwa ukutani, nasi tunakisia: njaa? tumbo? mbu?

Ubao huo haukunigharimu ila kalamu za rangi, na umepunguza vilio kuliko kitu chochote nilichowahi kununua. Mnajua nilifunzwa na nani? Mama mwenzangu, kwenye foleni ya hospitali, akinionyesha picha kwenye simu yake iliyopasuka kioo. Laiti foleni ile ingekuwa fupi, nisingejua hadi leo. Elimu ya kulea watoto hawa katika mji huu inapatikana kwa bahati ya foleni, na hilo ndilo ninalolilalamikia.

Kisha kuna usiku. Joto la Mombasa la mwezi wa Machi hamhitaji kuelezwa. Stima ikipotea, feni husimama, na ule mvumo wa feni ndio uliokuwa umemlaza kijana. Huamka na kilio ambacho nyumba nzima inakijua. Jirani mmoja hugonga ukuta. Mwingine, bibi wa watu, Mungu amlipe, huja na upepeo wake wa ukili akaketi mlangoni kumpepea mpaka mkono uchoke. Mwenye nyumba ameshaniambia kwa adabu zote nianze kutafuta kwingine. Mjue basi kwamba kwa familia kama yetu suala hili ni la afya, ni la elimu, na ni la kodi ya nyumba pia.

Ushauri hatujaukosa. "Mpeleke akasomewe." "Umemdekeza." "Huyo wa kike mchape mara moja tu, atatulia." Wanaosema ni watu wanaotupenda. Watafiti wa Kilifi, jirani zetu hapa, waliwauliza wazazi na wataalamu wa Pwani usonji unatokana na nini na unatibiwa vipi, wakachapisha majibu mwaka 2015: mapepo, uchawi na laana vilitajwa sambamba na maradhi na matatizo ya uzazi, na watu walikuwa wakitumia mganga na hospitali kwa pamoja. Halinishangazi hata kidogo. Mwanangu amesomewa, na dua sitaiacha. Lakini mzazi akikuta mganga yupo mtaa wa pili na anamsikiliza saa nzima, na zahanati haina la kumwambia, mnategemea aende wapi?

Na zahanati ingeweza kuwa na la kumwambia. Hapa naomba waziri wa afya wa kaunti asome polepole.

Mtoto wa Kenya huchanjwa surua akiwa na miezi 9, na dozi ya pili akiwa na miezi 18. Hiyo ya pili, kwa akina mama wengi, ndiyo safari ya mwisho ya kliniki ya maana. Mtoto anapimwa uzito, anadungwa, kijitabu kinaandikwa, kwaheri. Ndani ya kijitabu hicho hicho cha mama na mtoto kuna ukurasa wa hatua za ukuaji: lini mtoto anatarajiwa kukaa, kutembea, kusema. Nani huufungua? Na kufikia miezi 18 dalili za usonji huweza kuonekana kwa anayejua kuzitafuta. Je, ukimwita jina anageuka? Anakuonyesha kitu kwa kidole, si kwa kukitaka tu, bali ili nawe ukione? Anaigiza unachofanya? Kuna dodoso linalotumika duniani kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, lina maswali 20 tu ya ndiyo au hapana. Muuguzi analimaliza mama akiwa bado anamvisha mtoto nguo.

Tena kwa kuwa siku hiyo hakuna anayemuuliza mama lolote, naye anakuja kuona mabadiliko wiki chache baadaye, anaunganisha mwenyewe: ni sindano. Ndipo anakutana na uvumi uliotoka Uingereza, kwenye makala ya mwaka 1998 iliyoufungamanisha usonji na chanjo yenye kinga ya surua, makala ambayo jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Uvumi umefika Kongowea, kufutwa kwake hakujafika. Maswali hayo 20 yakiulizwa kabla ya sindano, mtakuwa mmeokoa mambo mawili kwa mpigo mmoja: mtoto anatambuliwa mapema, na chanjo haisingiziwi.

Nawaandikia ninyi wa kaunti kwanza, kabla ya Nairobi, kwa sababu mlango wa kwanza ni wenu. Tangu mwaka 2013 zahanati na vituo vya afya viko chini yenu. Elimu ya chekechea, kwa Katiba ya 2010, iko chini yenu. Kwa hivyo muuguzi wa kwanza kumwona mtoto huyu, na mwalimu wa kwanza kumwona, wote wawili mishahara yao inapita mezani kwenu. Kila tunapokuja kuuliza tunaambiwa elimu maalum ni ya serikali ya kitaifa. Ni kweli, kuanzia darasa la kwanza. Kabla ya hapo mtoto ni wenu, na miaka hiyo ya kabla ya hapo ndiyo yenye thamani kuliko yote.

Sasa ombi lenyewe, nalo ni la bei nafuu kiasi kwamba naogopa ndiyo sababu halipendezi, halina utepe. Shirika la Afya Duniani limekwisha kuandaa mafunzo ya walezi wa watoto wenye usonji na wanaochelewa kukua: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Yametengenezwa makusudi yaendeshwe na watu wasio madaktari, waliofunzwa na kusimamiwa. Mzazi anafunzwa kumfuata mtoto katika mchezo wake, kugawa kazi kama kupiga mswaki katika hatua ndogondogo, kuzuia kilio kabla hakijapanda, na pia kujitunza mwenyewe, jambo ambalo sisi hulisikia tukacheka. Watu wa kuyaendesha mnao. Wahudumu wa afya ya jamii, waliokabidhiwa mikoba yao mwaka 2023, wanapita nyumba kwa nyumba. Wetu huja kwangu, akampima mama mkwe presha, akaandika kwenye simu, akaaga. Anamwona kijana wangu ameketi chini ya meza akizungusha kifuniko cha sufuria, anatabasamu, anaondoka, kwa kuwa hakuna aliyempa la kufanya. Mpeni la kufanya. Na mafunzo yawe kwa Kiswahili cha huku, kwenye zahanati ya wadi, saa ambazo mahamri yamekwisha kuuzwa.

Wadi kwa wadi, nimesema, na nina sababu. Mwenzangu wa Mtongwe ana binti wa miaka saba asiyezungumza. Kumfikisha kwa mtaalamu kisiwani hupita feri ya Likoni. Feri kwa anayetembea kwa miguu ni bure, sawa. Lakini kuna ule msongamano wa kusubiri geti lifunguliwe, mabega yanagusana, king'ora, jua, halafu mbio za kushuka mteremko. Akifika kwa mtaalamu, mtoto ameshamaliza nguvu zake zote za siku, na mtaalamu anaandika "hana ushirikiano". Kilichopimwa ni feri, si mtoto. Wataalamu wachache mlionao wawekeni kwenye ratiba: wiki hii Likoni, ijayo Changamwe, ijayo Jomvu. Wao wanajua kupanda matatu.

Kuhusu makaratasi nitasema kwa kifupi maana hasira itanipotosha. Vituo vya asesmenti vya elimu, vinavyompima mtoto mwenye ulemavu ili ajulikane asome vipi, vilianza nchini mwaka 1984, na tunavishukuru. Ila ripoti ya asesmenti haimtoshi daktari, ya daktari haimtoshi mwalimu mkuu, na kadi ya Baraza la Watu Wenye Ulemavu ina fomu zake tena. Kila ofisi inanitaka nisimulie upya, mbele ya mtoto mwenyewe anayesikia, mambo yote asiyoyaweza. Faili moja, waheshimiwa. Imfuate mtoto.

Kwenye hizo ofisi pia kuna sentensi ambayo kila mzazi wa mtoto kama wangu ameshaisikia: "Lakini huyu anatembea, mbona ni mzima?" Anatembea, naam. Anakimbia. Ndilo tatizo. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, inatoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kuangaliwa wakati wote, na mtoto asiyejua kuwa gari linaua anahitaji kuangaliwa wakati wote. Wanaotathmini wafunzwe kutazama siku nzima ya mtoto, si miguu yake. Tuna Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Karani wa kaunti ndogo ameisoma?

Kukimbia huko kunanileta kwenye jambo linaloninyima usingizi zaidi ya feni. Mombasa imezungukwa na maji. Watoto wengi wenye usonji wanavutwa na maji na hawaoni hatari yake. Marekani, ambako wamefuatilia, katika vifo vya watoto wenye usonji waliotoroka walipokuwa wakitunzwa, kuzama ndiko kunakoongoza. Sisi tuna bahari, tuna mkono wa bahari wa Tudor, tuna visima vya uani visivyofunikwa, tuna mashimo ya maji taka yaliyowekewa kipande cha bati. Mtoto wa namna hii akipotea, cha kwanza ni kukimbilia maji yaliyo karibu; dakika ndizo zinazoamua. Lakini ukienda kuripoti unaulizwa kama umeshaangalia kwa shangazi yake. Chifu, wazee wa nyumba kumi, vijana wanaookoa watu ufuoni na askari wa kituo wapewe maelekezo ya ukurasa mmoja: mtoto huyu huenda asiitikie jina lake, msimkimbize, msimpigie kelele, anzeni majini. Na zile fukwe za umma, tengeni asubuhi moja ya wiki watoto hawa wafundishwe kuogelea. Waogeleaji wazuri hapa Mombasa ni wengi, na wengine hawana kazi.

Kwa Wizara ya Elimu nina maneno machache, kwa kuwa sheria imeshayasema. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule kumbagua mtoto kwa ulemavu anapotafuta nafasi. Inakataza pia kumpiga, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Binti yangu alirudi kutoka shule fulani, siitaji, na alama kwenye viganja kwa kosa la kusimama simama. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi mno na fimbo moja. Kijana alipokelewa kwingine kwa sharti la kuchukuliwa kabla ya mchana kila siku, jambo lisiloandikwa popote, na mama wengi wa yuniti wanalijua. Mtoto anayetolewa kabla ya mchana anarudi kwangu, na kwa mara nyingine nyumba ndiyo shule. Kama mmeamua hivyo, basi nisaidieni nikiwa nyumbani, au mnitumie sehemu ya fedha zake za masomo. Nusu natania.

Na SHA, bima ya afya ya serikali. Tangu Oktoba 2024 ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, na kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Bandikeni ukutani kwenye kila hospitali, kwa Kiswahili chepesi: kikao cha matamshi kwa mtoto mwenye usonji kinalipiwa au hakilipiwi, vikao vingapi, kwa kituo gani. Jibu likiwa hapana, liandikwe hapana. Tumechoka kuambiwa "mfumo uko chini" baada ya kulipa nauli.

Najua mtaniambia bajeti. Bajeti naifahamu kidogo; mwenye kuuza mahamri hana budi. Kwa sheria, mpango wa maendeleo wa kaunti wa kila mwaka unafikishwa bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Katika mpango unaofuata tunataka kuona mistari mitatu: mafunzo ya walezi katika kila wadi, maswali 20 kwenye kliniki ya miezi 18, na wataalamu wa kuzunguka. Mstari usio na kiasi cha fedha mbele yake tutauhesabu kuwa haupo.

Mkiitisha kikao cha kukusanya maoni ya wananchi, tutakuja. Tunaomba kisiwekwe Ijumaa wala asubuhi ya siku ya shule, spika iwe moja na sauti ya chini, na kuwe na chumba cha pembeni chenye mlango unaofungika na feni. Watoto tutakuja nao. Hatuna pa kuwaacha.

Wenu,
Mama wa watoto wawili,
Kisauni, Mombasa